Mama Shuka na Kona ya Saba

Dada yangu alilala ndani ya gari kwa miaka kumi na minne, na muda wote huo watu hawakuacha kuniuliza kama nilimfukuza nyumbani. Mwanzoni nilikuwa nawaeleza kwa utulivu. Baadaye nilichoka, nikawa najibu kwamba ndiyo, nimemfukuza, na wao wakae chonjo. Mimi ni fundi seremala, si msemaji wa familia.

Ukweli ni kwamba chumba chake kilikuwepo, kile cha nyuma chenye dirisha linalotazama karakana yangu. Kitanda nilikitengeneza kwa mikono yangu, mbao ngumu tupu, hakuna msumari hata mmoja. Wiki aliyostaafu alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akapapasa maungio kwa kidole, akasema, "Fundi, hiki kitanda kizuri mno." Kisha akatoka, akaenda kulala ndani ya gari alilokuwa ameliegesha uani. Nilinuna siku tatu nzima.

Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka thelathini na miwili. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, chini ya wodi. Nilifika huko mara moja tu, kutengeneza meza ya kukunjia mashuka, na kwa robo saa shati langu lilikuwa limelowa chapachapa. Mvuke ulijaa mpaka kwenye dari. Mashuka yaliingia na kila aina ya taabu ya binadamu, yakatoka meupe, yamenyooka, yamekunjwa pembe kwa pembe, na kesho yake yakarudi tena. Kulikuwa na kidirisha kimoja, juu kabisa ukutani, usawa wa barabara. Kutoka pale aliposimama na mashine yake ya pasi, dada hakuweza kumwona mtu mzima mzima. Aliona miguu na magurudumu. Aliniambia aliwajua waendesha baiskeli wote wa barabara ile kwa magurudumu yao: alijua lipi linapepesuka, na mnyororo upi umesahauliwa mafuta.

Mambo ya baiskeli yalimwanza mapema. Baba yetu alikuwa tarishi wa ofisi, na baiskeli yake nyeusi ilikuwa mali ya ofisi, haiguswi. Jumapili mchana baba akijilaza, dada aliitoa taratibu, ameinyanyua gurudumu la nyuma ili isitoe sauti. Alikuwa na miaka kumi, mimi saba. Tandiko hakulifikia, kwa hiyo alipitisha mguu mmoja chini ya mtalimbo, akaendesha amejipinda upande kama mtu anayechungulia chini ya kitanda, na mimi nyuma kwenye keria nimelikamata gauni lake. Tulishuka mteremko wa shuleni hivyo hivyo. Breki zilikuwa za kubahatisha. Kovu hili la kidevuni ni la Jumapili mojawapo. Mama alimwambia msichana hapandi baiskeli, akamwambia mara nyingi, naye aliitikia "ndiyo, mama" kwa adabu zote, na Jumapili iliyofuata tukashuka tena. Nikiulizwa leo ni lini nilikuwa na furaha isiyo na kasoro, nitautaja mteremko ule. Nimelitamani lile gauni la maua maisha yangu yote, kulishika tu, na upepo masikioni.

Basi, mwaka aliostaafu, hospitali ilipiga mnada gari lake la kubebea mashuka. Lilikuwa refu, jeupe, halina madirisha ubavuni, lina milango miwili nyuma, na lilikuwa limezeekea kazini sawa na yeye. Akalinunua. Baada ya zile siku tatu zangu za kununa akaniletea karatasi aliyoichora kwa penseli.

"Nataka kitanda hapa, kabati hapa, na ndoano ya kutundikia baiskeli hapa."

"Baiskeli ya nani?"

"Yangu."

"Dada, una miaka hamsini na sita."

"Na wewe hamsini na mitatu, na bado unapanda ngazi. Nimekuuliza?"

"Unakwenda wapi na gari?"

"Mlimani. Kuna watu wanajitolea kutengeneza njia za baiskeli msituni. Nimeshakwenda mara nne, hukujua. Ninataka kukaa huko, niendeshe asubuhi, nilime njia mchana. Nimekunja mashuka ya kutosha."

Nilibisha, nikakohoa, nikamtajia wifi zake, majirani, mvua, wezi na nyoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa penseli nirekebishe vipimo. Nilichukua penseli. Na kwa kuwa kazi ni kazi, nililinyanyua gari kwa jeki mpaka likakaa sawasawa, nikaweka pimamaji yangu sakafuni. Sijui kama vijana wa leo wanaijua vizuri: ni ule mti mfupi wenye kichupa cha maji katikati na kipovu ndani yake. Kipovu kikitulia katikati, kitu chako kiko sawa. Kikikimbilia upande, kitu chako kimelala. Mimi huwa sitoki kwenye kazi mpaka kipovu kimetulia. Nilijenga kitanda chenye droo chini, kabati la vyombo, meza ya kukunjuka, na kila kitu kilikuwa sawa kabisa. Harufu ya sabuni na wanga wa mashuka haikutoka hata nilipopaka vanishi. Mpaka leo ipo.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. "Fundi, kikombe changu kinatembea."

Nikafunga karakana, nikamfuata. Alikuwa ameegesha pale msitu unapoanzia, kwenye ardhi iliyoinama, na kweli vyombo vyote vilikuwa vimekimbilia upande mmoja wa kabati. Nikamwambia kosa si langu, mlima ndio umepinda. Alicheka mpaka akapata kwikwi. Akageuza mto, akawa analala kichwa kikiwa upande wa juu, na hakuniruhusu kubadili chochote.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kupanda kule, kwanza kwa hasira, kisha kwa mazoea. Ilikuwa njia ya zamani ya wakata miti, imepita ubavuni mwa mlima katikati ya misonobari, yenye kona kumi na moja kutoka juu hadi chini. Chini kabisa kulikuwa na chemchemi, na nyumba za bondeni zote zilichota maji hapo. Kila Jumamosi walikuja wajitoleaji wake, wakiongozwa na Mwalimu, mzee mrefu mwembamba aliyefundisha hesabu hadi alipostaafu, na ambaye bado alipuliza filimbi watu wakichelewa kutoka kunywa chai. Walimwita dada Mama Shuka, kwa sababu ya gari. Mimi nilikuwa Fundi, kama kawaida.

Watu wale walikuwa na desturi moja. Kila kona ya njia ilibeba jina la aliyefanya upuuzi pale. Ya pili iliitwa Suruali ya Mwalimu, kwa kuwa suruali yake ilimezwa na mnyororo akabaki na bukta mbele ya wanafunzi wake wa zamani. Ya nne ilikuwa Meno ya Daktari. Alikuwa daktari wa meno, na alipoteza mawili pale. Ya tisa iliitwa Nilidhani, ya bwana mmoja mwenye duka la rangi ambaye kila alipokosea alianza na neno hilo. Jina likishakupata halifutiki, na kila Jumamosi unataniwa. Aliyekuwa hana kona ni Mama Shuka peke yake. Miaka tisa aliendesha pale kila asubuhi, akachimba, akapanga mawe, na hakuna kosa walilomkuta nalo. Alijivunia hilo kuliko cheti chake cha hospitali cha utumishi mrefu. Akiingia kwenye kikundi alisema, "Hamjambo, wenye kona?" Nao walimzomea kwa mapenzi. Mimi nilikuwa mgeni, mgeni hahesabiwi.

Kumwona akiendesha lilikuwa jambo la kukufanya ukae kimya. Hakuwa mwenye kasi. Vijana walimpita wakipiga mayowe. Lakini yeye alishuka bila kuburuza gurudumu, magoti yamelegea, kidevu juu, na pale alipopita udongo ulibaki kama hakuna aliyepita. Akimkuta kijana anaburuza breki ya nyuma alimsimamisha. "Unauchana mlima, mwanangu. Utashona wewe?" Aliulinda ule udongo kama alivyolinda mashuka.

Tena alikuwa na sheria yake. Siku ya mvua ya kwanza ya msimu alipanda njia nzima kwa miguu, mikono mfukoni, bila jembe wala sururu. Alikataza mtu yeyote kubeba chombo siku hiyo. "Leo tunabeba macho tu," alisema. Alitaka kuona maji yanakwenda wapi. Alinionyesha mara nyingi, na mimi niliitikia kwa kichwa, huku nikiwaza bakuli la supu ya moto.

Mwaka wa tisa mambo yalikaa vibaya. Msimu uliotangulia tope lilikuwa limeingia kwenye chemchemi, na watu wa bondeni walilalamika, tena kwa haki. Afisa misitu alikuja, mtu mpole mwenye daftari, akazungumza na Mwalimu na dada pale mbele ya gari.

"Mama Shuka, mimi nawapenda ninyi. Lakini mvua hii inayokuja, chemchemi ikichafuka tena, naifunga njia. Naweka magogo juu na chini, na hakuna baiskeli itakayopita tena."

"Haitachafuka," dada alisema.

"Nitakuja na chupa yangu kupima."

Alipoondoka, dada alikaa kwenye ngazi ya gari muda mrefu. Aliniambia bila kuzunguka kwamba njia ikifungwa hajui aende wapi. Si kwamba hana pa kulala. Chumba changu kile alikijua. Alisema amekaa chini ya ardhi miaka thelathini na miwili akitazama magurudumu ya wengine, na hapa ndipo alipoyapata ya kwake. Sikumzoea dada anayezungumza hivyo. Nikamwambia nitafunga karakana mwezi mzima, nimsaidie.

Tulifanya kazi sana, na Jumamosi kikundi kizima kilikuja. Ilibaki kona ya saba, iliyomeguka vibaya zaidi. Hapo ndipo ofisi ya pensheni ilipomwita dada mjini kwenda kuhakikiwa kwamba bado yuko hai. Siku nne, kwenda na kurudi. Kabla ya kupanda basi alinishika bega. "Kona ya saba ondoa majani tu. Udongo usiuguse mpaka nirudi. Umenisikia?"

Nilimsikia. Lakini nilikuwa peke yangu, nina nguvu zangu, nina vyombo, na nilitaka arudi ashangae. Basi nikaugusa. Nilichimba siku tatu. Nilijaza shimo, nikashindilia, nikaleta pimamaji kutoka kwenye gari, nikaisawazisha ile njia kila hatua mpaka kipovu kikatulia katikati kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho. Na kwa kuwa upande wa bondeni ulinitisha, nikafikiri baiskeli zitadondoka, nikapanga magogo marefu ukingoni, nikayakaza kwa vigingi, kama ubao unaouweka mbele ya rafu vitu visianguke. Nilipomaliza nilikaa nikaitazama. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Mtu angeweza kucheza gololi pale.

Wewe msomaji pengine umeshaona. Mimi niliyeonyeshwa miaka tisa sikuona. Njia ya mlimani hailali sawa. Inatakiwa iinamie bondeni kidogo tu, kiasi cha unene wa kidole kwa kila hatua, ili maji yanayotoka juu yaikate na kudondoka chini yametawanyika, bila nguvu ya kubeba udongo. Mimi nilikuwa nimejenga karai. Maji yakiingia hayatoki, yanajikusanya, yanatafuta mwisho wa magogo yangu, na hapo yanatoka yote kwa pamoja. Na mwisho wa magogo yangu ulikuwa juu tu ya mfereji unaoshuka chemchemi.

Mvua ilianza siku ile ile aliyorudi, mchana, akiwa bado anapanda kwa miguu kutoka kituoni na begi lake. Nilimpokea kwenye kona ya saba na mwavuli, meno yote nje. Alisimama. Alitazama njia, akatazama magogo, akatazama pimamaji niliyoisahau juu ya jiwe. Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu yetu.

Nilingoja anitukane. Aliweka begi chini ya msonobari.

"Pazuri," alisema. "Kweli pazuri, Fundi. Sasa lete sururu mbili."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameshika chombo siku ya mvua. Tulianzia chini tukapanda juu, tunang'oa vigingi, tunaviringisha magogo, tunachonga ukingo uiname. Kila gogo lilipotoka, maji yaliyokuwa nyuma yake yalijimwaga bondeni, kidogo hapa, kidogo pale, kama alivyotaka. Mimi nilikuwa nalia, na nashukuru mvua kwa hilo. Lilipobaki gogo moja la juu na moja la katikati, dada alikaa upande wa bondeni akalivuta lile la katikati, likakubali ghafla, likaondoka naye. Nilimwona akiteleza mgongo mgongo hadi kwenye kisiki, na nilisikia nyonga yake ilivyogonga.

Nikatupa sururu nimfuate.

"Usije!" alipiga kelele kutoka kule chini. "Malizia la juu kwanza!"

"Dada!"

"Siendi popote! Toa gogo!"

Nikalitoa. Mpaka leo sijui kama ningetakiwa kumtii. Kisha nikashuka, nikambeba mgongoni hadi kwenye gari, mimi niliyewahi kubebwa na yeye kwenye keria, naye akaninong'oneza sikioni nipunguze kukanyaga ukingo.

Kesho yake aligoma kwenda hospitali mpaka afisa misitu apite. Alikuja asubuhi na Mwalimu, na chupa ya kioo mkononi. Alikuwa ametoka chemchemi. Aliinyanyua chupa kwenye mwanga, mlangoni mwa gari, sisi wote tukakodoa macho. Maji yalikuwa na ukungu mwepesi. Tukangoja. Polepole ukungu ukatua chini, ukabaki mstari mwembamba, na juu yake maji yakawa maangavu.

"Imeponea chupuchupu," alisema. "Siifungi. Lakini nimepita kona ya saba. Kuna vigingi na magogo yametupwa kila mahali. Nani alifanya mambo yale?"

Nilikuwa nimesimama pembeni na birika la chai. Nilifungua mdomo.

"Mimi," dada alisema kutoka kitandani.

Mwalimu aligeuka. "Wewe? Mama Shuka? Uliweka magogo upande wa bondeni?"

"Uzee," alisema. "Nilijisahau."

Mwalimu alimtazama, akaangua kicheko, akapuliza filimbi pale pale ingawa hapakuwa na mtu wa kuitwa. Miaka tisa alikuwa akiisubiri siku ile. Kabla ya Jumamosi mlima mzima ulijua: kona ya saba imepata jina, Kosa la Mama Shuka. Nami nilimimina chai. Nilinyamaza. Ninaliandika hili hapa bila kujitetea: nilinyamaza siku hiyo, na Jumamosi, na Jumamosi zote zilizofuata, walipokuwa wanamtania na yeye anacheka nao, na hakuwaita tena wenye kona.

Nyonga haikurudi kama zamani. Aliendesha miaka miwili zaidi, safari fupi fupi, sehemu za tambarare, na ile njia akawa anaitembea na mkongojo. Mwaka wa kumi na moja alilileta gari uani kwangu, nikadhani sasa atakuja kukilalia kitanda. Wapi. Alilala kwenye gari. Asubuhi ya tatu nikamkuta macho mekundu.

"Silali," alisema. "Uani kwako kumenyooka mno."

Kweli, ule uwanja niliusakafia mwenyewe kwa pimamaji. Nikaenda karakana, nikachonga vipande viwili vya mbao, nikanyanyua magurudumu ya mbele, nikaviweka chini yake. Kikombe kikatembea tena. Akalala hadi saa nne asubuhi.

Miaka mitatu tulikaa hivyo, mimi na randa yangu, yeye mlangoni mwa gari, amefungua milango yote miwili, anakagua magurudumu ya kila apitaye barabarani. Siku moja nilipiga moyo konde, nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

Alifikiri. "Ulikuwa umechimba siku tatu peke yako. Miaka tisa ulikuwa unakuja kwa kunifuata mimi. Ile ilikuwa mara ya kwanza umeupenda mlima wewe mwenyewe. Wangekucheka, ungenuna, usingerudi. Nakujua."

"Lakini kona yako..."

"Ah," alisema, akatazama pembeni. "Kweli ile iliniuma kidogo."

Alisema hivyo tu. Alifariki mwaka jana, ndani ya gari, kichwa kikiwa upande wa juu. Mashuka yake niliyakuta yamekunjwa pembe kwa pembe.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuja karakana. Amezeeka, filimbi bado inaning'inia. Vibao vya njia vimeoza, alisema, na kikundi kinataka vibao vipya kumi vya kuchonga, kimoja kwa kila kona yenye jina, vya mbao ngumu, vidumu. Ile ya kumi na moja haijapata mtu bado. Alinipa orodha kwa mwandiko wake wa ubaoni. Nilianza na Suruali ya Mwalimu, nikamchongea kwa herufi kubwa kuliko zote, kwa makusudi. Nikachonga Meno ya Daktari. Nikachonga Nilidhani. Nikafika cha saba, nikaweka patasi mezani, nikaenda kukaa kwenye gari kwa muda.

Jumamosi tulipanda wote. Magoti yangu siyo yangu tena, lakini nilipanda, na mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Tuligongomea vibao kimoja baada ya kingine kwa vicheko na matusi ya kirafiki. Kwenye kona ya saba nilikitoa kibao kwenye gunia, nikamkabidhi Mwalimu. Akavaa miwani yake.

Alisoma kimya. Akanitazama, akasoma tena, safari hii kwa sauti.

"Kosa la Fundi."

Niliwaeleza yote, pimamaji, magogo, siku tatu, chai. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri zaidi, yakanikimbia. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa shati, ikalowa zaidi.

"Miaka yote hii," alisema. "Tumemtania bure."

Kisha akawa anahesabu kwa vidole, kama mwalimu wa hesabu asiyeamini jibu lake. Alikwenda kona hadi kona, mtu hadi mtu, akafika mwisho, akaanza upya.

"Basi Mama Shuka hana kona," alisema.

"Hana," nilimjibu, nikashika nyundo. "Hajawahi kuwa nayo."